Mama Amemchapa Mkwe Wake Bila Kumwona

Mama yangu leo amemchapa mume wangu, na hawajaonana hata kidogo.

Wabukusu mmeelewa. Mama ametoka Sirisia kunitembelea hapa Kitale, na kwa mila yetu mkwe haketi na mama mkwe. Basi mama sebuleni, bwana chumbani na simu.

Anacheza ile gemu ya wahusika wa gemu tofauti kukutana kwa michezo. Dereva wa gemu ya magari anarusha mkuki, mpiga karate anaogelea. Mimi husema ni upuzi wa watoto.

Mama akataka kujaribu kwa simu yangu. Nikamuunganisha na bwana kimyakimya, mbio za kuruka viunzi.

Mara kelele chumbani: "Wewe! Nani huyu ananipita hivi?"

Mama akaganda. "Kwani nacheza na nani?"

"Na mkwe wako, mama."

Nikajua ataweka simu chini. Ati akafuta kidole na leso, akaendelea!

Mbio zikaisha, mama wa kwanza, bwana wa pili, wahusika wao wakasimama jukwaani bega kwa bega. Bwana akaangua kicheko huko ndani.

Mama akaniuliza polepole: "Huwa anacheka hivyo?"

Bana. Miaka yote ya ndoa yetu, alikuwa hajawahi kumsikia akicheka.

Nani bado anasema hiyo gemu ni ya watoto?