Josia wa Mwanza

Pale Kashai, ukiulizia nyumba ya Josia, watu wangetaka kujua Josia yupi. Ukisema Josia wa Mwanza, hata mtoto angekushika mkono akupeleke hadi mlangoni. Jina hilo alipewa na majirani, naye alikuwa amelivaa kwa miaka tisa bila kulivua. Shida ilikuwa moja tu: Josia hakuwa amewahi kufika Mwanza.

Alikuwa dereva wa lori la kahawa. Kahawa ya Bukoba ilikwenda Mwanza kwa meli, na kazi ya lori lake ilikuwa kuizoa vijijini na kuileta mjini. Kanyigo, Kyaka, Kamachumu, Nshamba, Muleba, na kurudi. Mwisho wa dunia yake ulikuwa ghala moja la mabati kusini mwa Muleba, mahali barabara inapoanza kuteremka kuelekea Biharamulo. Hapo magunia yalipakiwa, yeye akanywa maji, akageuza lori. Ng'ambo ya ghala lile hakulijua hata jiwe moja.

Uongo wenyewe ulianza mwezi wa Uhuru, mwaka sitini na moja. Mji mzima ulikuwa ukiimba kwamba nchi ni yetu, na Josia alikuwa amekaa kibarazani kwa wazazi wa Kokwijuka, akitafuta la kusema ili binti asichoke naye. Nchi yote hiyo ni yake, na yeye ameiona robo ya mkoa! Aibu ikamshika, ulimi ukamponyoka. Akasema juma lililopita alikuwa Mwanza.

Binti akaacha kushona. "Ikoje?"

Josia alikuwa na rafiki aitwaye Clavery, mpishi wa melini, ambaye kila akishuka gatini alimpa habari za huko. Basi akazichukua za Clavery kama zilivyo, akazitia mdomoni mwake. Mawe ya Mwanza, alisema, yamebebana mgongoni. Mama kambeba mtoto, mtoto naye kambeba mwanawe, wote wamesimama ziwani wanangoja kliniki. Akajipiga kofi gotini, akacheka. Kokwijuka naye akacheka mpaka sindano ikamwanguka, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa kanisani.

Wapo waliooa kwa uongo mbaya kuliko huo. Kosa la Josia ni kwamba hakukoma. Kila meli ilipotia nanga alikwenda kuchota kwa Clavery, na kila Jumamosi jioni alikuwa na jipya la kuwapa majirani: kivuko cha Busisi, soko la samaki, taa za mjini, machungwa ya Ukerewe. Kokwijuka alikaa pembeni akipinda mashati ya watu, akisikiliza. Hakuchoka kusikiliza, na Josia hakujiuliza kwa nini.

Mwaka wa sabini, kiangazi kilipoanza, maji yakamfika shingoni. Kaka yake Kokwijuka, Nathanael, mwalimu, alipata nafasi ya kwenda kusoma Bulgaria miaka miwili. Alikuwa na Volkswagen ya rangi ya maziwa, ile ya umbo la kobe. Akaileta Kashai, akamkabidhi shemeji yake ufunguo. "Ulitembeze, shemeji. Gari likikaa linakufa."

Usiku haujaingia, Kokwijuka akatoka dukani na daftari jipya la shule. Juu yake aliandika LIKIZO kwa herufi kubwa.

"Baba Jovitha," alisema, "mtoto tutampeleka kwa bibi yake. Sisi tutakwenda na gari. Tutapita Muleba, Biharamulo, Geita, tuvuke Busisi, tulale Mwanza siku nne. Halafu gari tuliache, tupande meli twende Ukerewe tukaone hayo machungwa yako. Siku kumi na nne. Wewe njia unaijua."

"Naijua," alisema Josia.

Alijipa moyo kwa jambo moja. Kiangazi ndiyo mavuno ya kahawa, na hakuna dereva wa kahawa aliyewahi kupewa likizo mwezi wa Julai. Akaenda kuomba akiwa na hakika ya kunyimwa. Tena aliomba kwa sauti, mbele ya makarani, ili habari za kunyimwa zimfikie mkewe kabla yake. Mkubwa wa usafirishaji akainua macho kwenye makaratasi. "Lori lako si limekufa gia? Kipuri kitafika mwisho wa mwezi. Nenda, bwana, kapumzike." Makarani wakampongeza. Mmoja akamwagiza sato wa Mwanza.

Tangu hapo Josia hakutulia. Alikaa, akainuka. Alitoka kutazama matairi ya kobe asubuhi, akayatazama tena mchana, kana kwamba upepo ungetoka kwa kumwonea huruma. Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Kokwijuka alifungua daftari.

"Kivuko cha Busisi kinachukua magari mangapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Ukubwa wa magari."

Kokwijuka akainamia daftari, penseli ikatembea. Josia aliona kila jibu linaingia humo. Alipouliza ukifika Biharamulo unapinda wapi, Josia alisema kushoto, penye mti mkubwa, maana alifikiri hakuna mji usio na mti mkubwa. Penseli ikatembea. Alipouliza nyumba ya wageni ya Mwanza iko mtaa gani, alisema jina limemtoka. Penseli ikatembea hata hapo, na Josia akashangaa ni nini kinachoandikwa mtu anaposema jina limemtoka. Alihisi yule mwanamke anamwandikia mashtaka.

Akakimbilia gatini kumtafuta Clavery, amfundishe upya tangu mwanzo hadi mwisho. Wapagazi wakamwambia Clavery amehamishiwa meli nyingine, siku hizi yuko upande wa Kisumu. Josia akabaki gatini akitazama maji.

Ni katika kurudi nyumbani, akipita Miembeni, ndipo alipokumbuka ndugu. Huku Buhaya mtu hapiti nyumba ya ndugu yake kama anayepita kituo cha polisi. Anaingia, anakaa, anatafuna kahawa, anangoja ndizi ziive, na kama alitangulia kuandika barua kwamba anakuja, basi analala. Asipolala, habari itasemwa msibani na harusini miaka kumi. Josia akahesabu kwa vidole. Kuanzia Kemondo hadi lile ghala alikuwa na nyumba kumi na moja za ndugu na wakwe. Usiku mmoja kila nyumba, na kwa shangazi Alistidia, aliyekaa mwisho kabisa karibu na ghala, usiku tatu, kwa sababu shangazi hakuwahi kumwachia mtu kabla ya huo wa tatu. Kumi na tatu! Siku ya kumi na nne ni ya kurudi. Hata Kokwijuka asingeweza kupiga hesabu hiyo ikatoa Mwanza.

Akakaa akaandika barua kumi na moja. "Tunasafiri safari ndefu, tutapita kwenu." Akampa mkewe orodha. Kokwijuka akaisoma polepole.

"Ndugu ni ndugu," alisema, akainakili daftarini.

Usiku ule Josia alilala fofofo.

Waliondoka Jumatatu alfajiri, nyuma wamepakia sukari, chumvi na sabuni za kugawa. Kwa binamu wa Kemondo, Josia alivua viatu mlangoni, akajinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Ndizi zikaletwa. Alipokuwa anasubiri kuonyeshwa pa kulala, binamu akasimama, akampiga begani, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Ta Josia, hatukucheleweshi. Mtu wa Mwanza kama wewe ana kivuko cha kuwahi. Mtalala mkirudi, waitu, ndugu yetu."

"Aa, lakini sisi hatuna haraka..."

"Usituonee haya. Tunajua safari zako!"

Wakasukumiwa chane mbili za ndizi mbivu chini ya boneti, maana buti la kobe liko mbele, wakapungiwa mikono. Nyumba ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, mkwe wake alikuwa ametoka na chakula hadi barabarani, kimefungwa kwa majani ya mgomba, ili wakile njiani. Sifa aliyoijenga miaka tisa ilikuwa imemtangulia nyumba hadi nyumba, na kila alipojaribu kuketi ilimwinua. Desturi ya kumzuia mgeni kumbe haimgusi msafiri mkubwa. Huyo anafungiwa chakula na kuachiwa njia. Watu wa Buhaya wanamheshimu aliyefika mbali, na nani kati yao alikuwa amefika mbali kama Josia?

Walilala usiku mmoja tu, tena kwa sababu giza liliwakuta. Jumanne saa nane mchana nyumba kumi zilikuwa zimekwisha, na ndani ya gari palikuwa na kuku wawili wanaolia miguuni kwa Kokwijuka. Yeye alikuwa anaimba kidogo kidogo. Josia jasho lilimtoka hadi usukani ukateleza.

Ikabaki nyumba ya shangazi. Shangazi Alistidia alikuwa amesimama barabarani na kikapu kichwani.

"Mawe! Mmekawia!" alifoka, akimlilia mama kwa Kihaya. "Barua imesema safari ndefu. Nimekaa hapa tangu asubuhi nisije nikakucheleweshea kivuko."

"Shangazi, mimi nimekuja kulala. Usiku tatu."

"Tatu za nini? Unadhani mimi sijui maana ya safari?" Akapitisha kikapu dirishani, akachukua mkono wa Josia, akamtilia kiganjani punje za kahawa ya kutafuna zilizofungwa kwa jani. "Mimi sijatoka hapa tangu nizaliwe. Wewe ndiye macho yetu, mwanangu. Nenda."

Josia alitaka kulia. Akatia gia, akaenda, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya tena. Ghala la mabati likatokea upande wa kulia. Mkono wa kushoto, chini kabisa, ziwa lilikuwa limetanda na Bumbire imelala ndani yake. Mbele, barabara ikaanza kuteremka. Hapo mikono yake, bila kumwuliza, ikakata usukani wote, gari likazunguka ule uwanja wa kupakilia likasimama likitazama Bukoba.

Injini ikazimika. Kuku nao wakanyamaza.

"Umegeuza," alisema Kokwijuka.

"Nimezoea."

Neno likatoka kabla hajalikamata. Akabaki ameushika usukani, akitazama njia ya kurudi. Halafu akaona hana pa kuficha uso tena, na kwa kweli alikuwa amechoka kuuficha.

"Mama Jovitha, mimi Mwanza sijafika. Sijafika Biharamulo. Mimi mwisho wangu ni hapa. Yale yote ni ya Clavery."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Jovitha alipokuwa ananyonya, Clavery alikuja kukuulizia, wewe uko Kyaka. Nikampa chai. Akanisimulia Mwanza. Mawe yamebebana mgongoni, yanangoja kliniki." Akainua mkono, akajipiga kofi gotini. "Hata kofi lilikuwa mahali palepale."

Josia akapiga hesabu. Jovitha alikuwa na miaka saba.

"Miaka sita umenisikiliza? Kila Jumamosi?"

"Ulitaka nikuaibishe mbele za watu?"

"Na hili daftari? Umeniuliza vivuko, umeniuliza mitaa, nikakosa hata usingizi. Ulikuwa unanitega?"

Kokwijuka akalitoa daftari chini ya miguu ya kuku, akampa. Josia akafungua. Kurasa za nyuma zilikuwa na majina ya ndugu kumi na mmoja kwa mwandiko mzuri, na kila nyumba zawadi yake. Akarudi ukurasa wa mwanzo. Juu iliandikwa Biharamulo, na chini yake hapakuwa na mti mkubwa wala kushoto. Palikuwa na viduara vya penseli, vidogo vidogo, mstari baada ya mstari. Geita, viduara. Busisi, viduara. Mwanza, ukurasa mzima.

"Nilikuwa nachora tu," alisema Kokwijuka, "ili nisikutazame usoni ukihangaika."

Josia akapitisha kidole juu ya viduara.

"Mimi hiyo Mwanza ningeweza kuishi bila kuiona," mkewe akaendelea. "Lakini nimekaa na mtu miaka sita nikimwona anautamani mji mpaka anausimulia kama mtu anayesimulia nyumbani kwao. Nilikuwa nakuonea uchungu, Baba Jovitha. Nathanael alipoleta gari nikasema basi, nitampeleka. Ningekuambia hivyo Kashai, ungekubali?"

Asingekubali, na wote wawili walilijua hilo. Josia akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akalifungua lile jani la shangazi, akagawa punje za kahawa mara mbili, nusu akampa mkewe. Wakatafuna wakitazama ziwa.

"Njia siijui hata kidogo," alisema mwishowe.

"Tutauliza watu."

"Na kama tukifika tukute mawe hayakubebana?"

Kokwijuka akatema ganda la kahawa dirishani, akafikiri.

"Kashai tutasema yamebebana."

Josia akacheka, akawasha gari, akaligeuza tena.