Sanduku Lililongoja Habari za Mafuta

Mwanangu, iko siku moja ya soko la Konyo Konyo ambayo haijanitoka kichwani, na nikiikumbuka hadi leo nasaga meno. Kaa hapa. Wewe ambaye kila asubuhi unafungua simu kutazama dola imelala bei gani, maneno haya ni yako.

Nilikuwa bado msichana wa juzi juzi, nimerudi Juba baada ya uhuru kama wengi wetu tuliokulia ukimbizini Uganda. Vita vilikuwa vimekuja vikapoa, mkataba umetiwa saini, na kila mtu alisema nchi sasa itatulia. Niliuza vitenge. Tulikuwa watu wanne katika sanduku moja, yaani mchezo wa kuchangiana: kila mwezi kila mmoja anatia pesa, na mwenye zamu anabeba zote. Sanduku lilikuwa na sharti moja tu, halifunguliwi mpaka wote wakubali. Mtunzaji alikuwa Mama Poni, muuza unga, mkubwa wetu. Wengine ni Ochan, Mganda aliyeuza misumari na mabati, na Lado, aliyerudi kutoka Uganda kama mimi, yeye akiuza petroli kwenye chupa za maji. Ndiyo, mwanangu, nchi ina visima vya mafuta, na sisi tulinunua petroli ya Uganda kwa chupa. Cheka tu, mimi nilishamaliza kucheka.

Zamu yangu ilipofika, nilikuwa na shida moja. Mama yangu alilima mtama na mahindi huko Rejaf, na nafaka yake aliisafirisha kwa boda mpaka mjini ili isagwe. Nusu ya faida ikaishia kwa dereva. Sasa mzee mmoja wa pale Rejaf alikuwa anawafuata watoto wake Arua, kule Uganda, akaniahidi kuwa mashine yake ya kusaga ataniuzia mimi kwanza, mradi nifike kabla mvua hazijaanza. Mama alikwisha kusafisha mahali pa kuiweka.

Lakini pauni ilikuwa inayumba. Wenye zamu za mbele wakaogopa kwamba zao zikifika, pesa itakuwa haina maana. Ochan akasema tusimpe mtu, tuitie yote mahali inapozaa. Lado akakubali. Wapi? Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kila adhuhuri walikaa juu ya magunia ya Mama Poni, chai mkononi, wakapinga dunia nzima. Redio ikisema mwezi huu bei zimepanda kidogo kuliko mwezi uliopita, Ochan anaruka. "Hawa watu wa takwimu inanunua nyanya wapi? Mimi pia nataka kwenda soko hiyo!" Tulicheka, maana alisema kweli. Yeye alitaka tununue hisa Nairobi, kwa ndugu yake anayejua mambo ya soko la hisa. Kesho yake hisa zinashuka, anasema ngoja kwanza. Lado alitaka dola, ila anunue siku dola ikishuka, na itashuka mafuta yakipanda duniani. Bei ya pipa inapanda, tunasikia visima vya kaskazini vimekaribiwa na mapigano, naye anasema ngoja kwanza. Serikali ikasema mafuta yanatiririka vizuri. Wakasema kwa sauti moja: uongo! Basi tungoje tuujue ukweli.

Wiki kwa wiki, mwanangu. Wiki kwa wiki! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilikuwa mdogo wao, kazi yangu ikawa kumwaga chai na kumimina nyingine.

Siku hiyo ninayokuambia, Mama Poni alikuwa anapima unga. Akaweka kopo chini, akawatazama wanaume wale mmoja mmoja.

"Redio ya serikali hamuamini," akasema. "Hesabu yake hamuamini. Mafuta yake hamuamini. Na hiyo karatasi yake ya pesa mmefungia kwa sanduku yangu miezi yote hii, hiyo mnaiamini kwa nini?"

Lado akaomba radhi, "Malesh, mama, lakini ukikosea soko..."

"Kalam fadi!" Maneno matupu hayo. "Mtoto anataka mashine. Mashine inasaga. Hiyo inahitaji redio gani?" Kisha akanigeukia mimi, na hapo aliniuma zaidi. "Na wewe, mdomo umekodisha kwa nani? Zamu ni yako, sema!"

Nikasema taratibu, nikiangalia vidole vyangu, kwamba ningependa, kama wakubwa hawaoni vibaya. Wakubwa waliona vibaya. Ochan akaomba wiki moja tu, bei ya hisa itulie. Sharti ni sharti, sanduku likabaki limefungwa.

Mvua zikaanza. Yule mzee wa Rejaf alimngojea mteja wake mpaka akachoka, mashine akampa mtu aliyeleta ng'ombe. Sikumlaumu. Kisha bunduki zikalia tena mjini, nasi tukakimbia. Mama Poni alifunga sanduku kwa kitenge akalikalia juu ya lori mpaka tukavuka mpaka. Hakuna mwizi aliyeligusa, wala noti moja haikupotea. Huko Koboko, upande wa Uganda, tukalifungua, na wote sasa wakakubali upesi sana kwamba zamu ni yangu! Mbadilishaji wa pesa alitazama lile bunda, akanihurumia, akanipa shilingi za magunia mawili ya unga.

Nikayanunua, nikayapeleka kwa mama, ambaye naye alikuwa amekimbilia huko huko. Alikuwa amekaa mkekani na mikono yake haina kazi. Akagusa gunia la kwanza, akagusa la pili, akatazama nyuma yangu kama bado kuna kitu kinashushwa.

"Sasa hii ndiyo mashine yangu?" akauliza.



Basi sikia, mwanangu. Kutia shaka si kosa. Ukiambiwa bei zimeshuka, nenda sokoni na kikapu chako ukaone. Lakini mwenye kutia shaka kila kitu asisahau kutia shaka kungoja kwake. Pesa iliyolala nayo imekwisha kuamua, tena bila kukuuliza. Mchagua nazi hupata koroma. Jua unataka pesa ikufanyie nini, na ukishajua, usisubiri Nairobi wala bei ya pipa ikupe ruhusa. Na zamu yako ikifika, usiiseme ukiangalia vidole. Isimamie, hata mbele ya wakubwa. Adabu haikukatazi kudai kilicho chako.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu ya kwenda kuona. Akupe mama mwenye maisha marefu, na siku utakayomletea alichokungojea, kiwe ndicho.