Panya Walionenepa

Kazini walimwita Baba Panya, naye hakuwahi kununa, maana ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilisha panya wa maabara, akiwapima uzito kila asubuhi na kuwasafishia vizimba, na nyumbani mkewe alimtaka aoge kwanza ndipo asalimie watu. Kabla ya hapo alikuwa fundi matofali. Daktari, mkuu wa maabara, ndiye aliyemtoa kwenye tope akamvika koti jeupe, na tangu siku hiyo neno la Daktari kwake halikuwa na mjadala.

Mwaka ule maabara ilipewa kazi ya kuchunguza josho la zamani, mahali ng'ombe walipokuwa wakiogeshwa dawa ya kupe mpaka dawa ikazama ardhini. Wenye kiwanja walitaka kujenga nyumba za kuuza, kwa hiyo walihitaji karatasi ya kusema pako salama. Dada mkubwa wa Baba Panya alikuwa akichunga mbuzi palepale, na mbuzi hawana adabu, hulamba ardhi yoyote yenye chumvichumvi.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uko ndani," dada alimwambia. "Niwahamishe au niwaache?"

"Subiri panya waseme, dada."

Panya wa kwanza walilishwa udongo wa joshoni uliochanganywa na unga. Wiki ya tatu haijaisha, walikuwa wamekonda, manyoya yamewatoka, na wengi wamekufa. Daktari akasema waliletwa wakiwa tayari wagonjwa. Wakaja wengine, pamoja na magunia mapya ya udongo. Hawa walinenepa kama wenye nyumba za kupangisha. Ripoti ikatoka kwamba udongo hauna madhara, na Baba Panya akaenda kwa dada yake mbiombio kumwambia awaache mbuzi walipo.

Mvua zilipoanza, mbuzi wakaanza kuhara. Alitangulia kufa beberu, wakafuata majike, na wa mwisho alikuwa na mimba. Baba Panya alikwenda kusaidia kuwafukia. Akichimba kando ya josho, aliokota udongo uliolowa akaufinya, mazoea ya fundi tu. Ukamwagika kati ya vidole. Ulikuwa kichanga kitupu. Udongo wa yale magunia mapya alikuwa akiukanda na unga, nao ulishikana vizuri na kumwachia wekundu kwenye kucha. Ule ulikuwa mfinyanzi, na yeye aliyefyatua matofali nusu ya ujana wake aliukanda kila siku bila kuuliza umetoka wapi.

Utasema ni mjinga. Si ujinga. Mtu ukishamwamini, hata mikono yako unaiambia inyamaze.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Daktari na ule udongo wa joshoni kwenye mfuko wa nailoni, akamwambia yale magunia mapya hayakutoka huko.

"Huo mfinyanzi niliutia sumu ileile ya josho, na kipimo ni kilekile," Daktari alisema. "Kwenye ripoti udongo ni udongo."

"Basi wale wa kwanza waliuawa na nini?"

Daktari alivua miwani akaifuta. Akajibu taratibu, kama mwalimu. "Mfinyanzi huishika sumu. Panya akiila, inampitia tumboni na kutoka na kinyesi. Kichanga huiachia, ikaingia kwenye damu. Hilo nalijua tangu chuoni."

"Na ulijua dada yangu anachunga pale."

"Si wewe mwenyewe uliniambia?"

Baba Panya alitafuta aibu kwenye uso ule asiione hata chembe. Hapo ndipo roho ilipomuuma hasa. Miaka kumi na tisa alikuwa akimwombea mtu huyu dua. Alivua koti, akaliacha juu ya kiti, akatoka.

Alimkuta dada yake akifua uani. Akamweleza yote, magunia, mfinyanzi, Daktari, bila kuficha hata neno moja, na moyoni akingoja wamlaani huyo Daktari pamoja, ndugu kwa ndugu. Dada alisikiliza mpaka mwisho huku akikamua shuka.

"Huyo Daktari simjui," alisema. "Panya wako nao sijawahi kuwaona. Mimi nilikuamini wewe."

Akalichukua beseni lake, akaingia ndani.