Ziwa la Jirani

Mwanangu wa kwanza nilimzalia Muheza, miaka ya hamsini, katika nyumba ya wakwe zangu iliyopakana na shamba la mkonge. Nilikuwa msichana bado. Mara tu baada ya kujifungua homa ilinipanda na maziwa yakakauka. Mama mkwe alimnywesha mtoto maziwa ya mbuzi kwa kijiko, akayatapika yote. Kilio chake kikawa chembamba, na mama mkwe akaacha kunitazama usoni.

Asubuhi moja mwanamke alibisha hodi. Alitoka kambi ya manamba, wale watu wa bara walioletwa kwa mkataba kukata mkonge. Tulikuwa tukimwona kisimani tu, na tulisikia kwamba amezika kitoto chake kichanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani. "Nimesikia mtoto analia. Mimi maziwa yamenijaa, yananiuma. Nipeni nimnyonyeshe."

Mama mkwe alikuwa mtu wa msala. Akafikiri kidogo. "Ukristo wako si neno. Lakini kwetu sisi Waislamu, ukimnyonyesha huyu amekuwa mwanao, na utakaowazaa watakuwa ndugu zake. Umekubali?"

"Nimekubali, mama."

Nikiwa nimelala mkekani, nilimwona mwanangu akilidaka lile ziwa kama aliyeogopa litaondoka. Yule mwanamke aliinua uso juu darini, machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta.

Akawa anakuja asubuhi, mchana na jioni. Wifi yangu hakupendezwa na jinsi tulivyomshukuru. "Msimsifu hivyo," alisema. "Anajitafutia nafuu yake. Yale maziwa yangempasua." Si ndivyo yule mwanamke alivyosema mwenyewe, mlangoni?

Homa iliponitoka, maziwa yangu yakaanza kurudi kidogo kidogo, lakini mtoto aliyaonja tu akageuza uso. Akisikia sauti ya yule mwanamke uani, miguu yote ilicheza. Nilimpenda yule mama, na wakati huo huo nilitamani asije.

Kisha siku moja hakuja kweli. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikamwachia mama mkwe, nikajikokota hadi kambini. Nilimkuta ameketi kitandani, amejifunga kanga kifuani, ameikaza hasa, jasho limemjaa usoni.

"Unaumwa, dada?"

"Siumwi. Nimejifunga maziwa yakauke."

"Na mtoto je? Analia tangu asubuhi."

"Najua anavyolia." Akaikaza tena ile kanga. "Jana nimeona alivyokukataa. Nikizidi kuja, hatalijua ziwa lako. Nenda ukampe. Akikataa, umpe tena. Atalishika tu."

"Yanakuuma?"

"Yananiuma."

Palikuwa na mtungi wa maji pembeni. Nikachovya kitambaa, nikakamua, nikamwekea kifuani juu ya ile kanga. Alifumba macho. Nikabadilisha kitambaa mara kadhaa, mpaka yeye mwenyewe akanisukuma mkono. "Nenda bwana. Mtoto ana njaa."

Alasiri mwanangu alilishika ziwa langu, kwa hasira kwanza, halafu kwa utulivu. Aliposinzia sikuthubutu hata kuusogeza mguu uliokufa ganzi.

Wifi yangu sikubishana naye. Nafuu ile yule mwanamke aliijia kweli, na kweli aliiacha alipoona inamnyima mtoto mama yake. Mpaka leo siwezi kuyatenga mambo hayo mawili, niseme hili lake na hili letu.

Maziwa yake yalipokwisha kukauka nilimbeba mtoto nikampelekea. Alimpakata, akamnusa utosini. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi kwa mwenzake, tuliingia tu.

Mkataba wa mumewe ulipokwisha hawakurudi bara. Walipata kipande cha ardhi karibu nasi wakapanda michungwa, na Mungu akawajalia binti. Binti huyo alipoolewa, mwanangu, na kanzu yake na kofia, alimsindikiza dada yake mpaka mlango wa kanisa. Mama mkwe alikuwa hawezi tena kutembea. Alituma neno kwamba bibi harusi asipitishwe njia nyingine, apitishwe barazani kwake, naye amwone mjukuu wake. Tukampitisha. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, na msafara wote ukasimama barabarani ukimngoja amalize kumwombea dua.