Nadhiri ya Dosinda Outeiro

Dosinda Outeiro alikuwa bado anapumua ndugu zake walipoanza kugawana mali yake. Ilikuwa Kwaresima, mvua ya Galisia haijakatika tangu Krismasi, na homa ya mapafu ilikuwa imemlaza katika chumba kile juu ya zizi alimokuwa akiishi peke yake tangu mama yao alipofia mikononi mwake. Padre Leoncio alikuwa amekwisha kumpaka mafuta matakatifu. Kwa kuwa mgonjwa hakufumbua macho, walidhani hasikii pia. Wakaketi kando ya kitanda wakizungumza kama watu walio gulioni.

"Ng'ombe nitamchukua mimi," alisema Avelino, kaka mkubwa. "Eladio, wewe chukua nguruwe."

"Na zile shuka za kitani?" aliuliza Pura, mke wa Avelino. "Wifi hajazilalia hata siku moja. Itakuwa dhambi zikioza naye."

"Mwacheni kwanza apoe," alisema Eladio. Wakacheka wote, kwa sauti ya chini, kwa kuyastahi yale mafuta.

Ila juu ya malisho ya mtoni, ambayo mama alimwachia Dosinda kwa kuwa ndiye aliyemuuguza, hawakuelewana, maana kila mmoja aliyataka yote.

Dosinda aliyasikia yote. Ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe, lakini moyo haukuhitaji ulimi. "Mtakatifu Marta," aliomba, "wewe uliyemlilia kaka yako kaburini akarudishwa, nirudishe na mimi. Nikipona nitakuja kwako ndani ya jeneza, wala sitafungua kinywa mpaka nifike miguuni pako."

Nadhiri hiyo ni ya kwetu. Mtu aliyenusurika kifo hulazwa katika jeneza lililo wazi siku ya Mtakatifu Marta, akabebwa na ndugu zake kwenye maandamano hadi altareni. Humo ndani hasemi, kwa sababu maiti hana neno na watu. Na nadhiri asiyoitimiza mtu akiwa hai, roho yake itarudi kuitimiza peke yake njiani. Ndivyo wasemavyo watu wetu, na Padre Leoncio, aliyehubiri dhidi ya jambo hilo, hakulihubiri kwa sauti kubwa.

Akapona. Pasaka ilimkuta akinywa supu ya kabichi, na miti ilipochipua majani aliweza kushuka ngazi. Zizini hakukuta kitu. Alijifunga kitambaa kichwani, akaenda polepole hadi nyumbani kwa Avelino, akawakuta mezani.

"Kaka zangu, nimekuja kuomba mabega yenu. Nina nadhiri."

"Mabega?" Eladio aliweka kijiko chini. "Dada, mwezi wa tatu tulikuwa tumejiandaa kabisa kukubeba. Wewe ndiye uliyetuangusha!"

"Na kahawa nilikuwa nimeshakaanga ya msiba," alisema Pura. "Wifi, hujui gharama unazotutia."

Dosinda alingoja wamalize kucheka. Jambo alilolihitaji lilikuwa moja tu, kufika kwa Mtakatifu, na kwa ajili ya hilo alikuwa tayari kuchekwa. Avelino akajipangusa midomo kwa kiganja.

"Tutakubeba. Tumbo moja ndilo lililotuzaa."

Alirudi kwake akilia kwa furaha. Aliamini kuwa sala zimemlainisha kaka yake, na jioni zote za majira yale alimwombea kwa rozari, akisahau kumwombea mtu mwingine yeyote, hata yeye mwenyewe.

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wamekuja kutoka parokia za jirani, masufuria ya shaba ya wauza pweza yakitoa mvuke ukutani mwa kanisa. Dosinda alilala katika jeneza la kuazimwa parokiani, amevaa nguo nyeupe, mshumaa mikononi. Avelino na Eladio walibeba mbele, vijana wawili wa Avelino nyuma. Pura alitembea kando na upepeo wake, akijipepea mwenyewe.

Walipofika kwenye msalaba wa mawe, pale njia panda, sanamu ya Mtakatifu na padre na bendi vilikuwa vimetangulia mbali. Avelino akasimama. Wakalitua jeneza chini, katikati ya vumbi, nayo maandamano nyuma yao yakakwama. Avelino akavua kofia.

"Majirani, naomba mnisikilize. Dada ametuomba mabega, tumempa. Nasi tunamwomba kitu kidogo: malisho ya mtoni. Dosinda, unatupa? Kama hutaki, sema. Ukinyamaza, hawa wote ni mashahidi kwamba umekubali."

Kwetu neno lililosemwa msalabani mbele ya majirani halifutiki. Mtu mmoja alicheka. Mwanamke mzee akapiga ishara ya msalaba, akatazama chini.

Eladio akainama juu ya jeneza. "Sema basi, dada. Hapana. Neno dogo tu, hata mtoto analiweza."

"Msimharakishe wifi yangu," alisema Pura. "Maiti hufikiri polepole."

Nta ya moto ilikuwa ikimdondokea Dosinda vidoleni. Alijua kwamba bila malisho yale angekuwa mtumishi wa jikoni mwa Pura mpaka kufa. Alijua pia kwamba pumzi ambayo angeisemea "hapana" haikuwa yake, alikuwa ameazimwa. Alifumba macho. "Mama Marta," aliomba, "mimi nimeshindwa. Jibu wewe." Hakusikia sauti yoyote. Alichosikia ni magoti yake, ambayo tangu ugonjwa yalikuwa yakitetemeka kama ya ndama, yametulia.

Akaketi. Wanawake walipiga yowe. Akatoka jenezani, akazima mshumaa, akainama, akaliinua lile jeneza upande mmoja, akajipenyeza chini yake mpaka likakaa mgongoni. Kisha akaanza kutembea, kinywa kimefungwa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwa Mtakatifu Marta, abebaye jeneza lake mwenyewe ni yule asiye na ndugu duniani. Waliopaswa kumbeba wote wamekufa. Bila kutamka neno, Dosinda alikuwa amewazika kaka zake wawili mchana, mbele ya umati.

Avelino alichelewa kuelewa. Akamkimbilia, akalishika jeneza. "Liweke chini! Unatuaibisha! Watu wanatazama!"

"Toa mkono, Avelino," alisema muuza pweza mmoja aliyekuwa ameacha sufuria lake kuja kutazama, mkasi wake wa kukatia pweza ungali mkononi. "Umeshakufa wewe. Tangu lini maiti akabeba mwenzake?"

Safari hiyo yawaumiza hadi leo walioiona. Mbao zilimchubua mabega, nguo ikaingia damu. Alianguka, akakohoa mpaka akatapika, akainuka. Hakusaidiwa, kwa sababu kumsaidia ni kumharibia nadhiri. Alipolitua jeneza miguuni pa sanamu, alisema, "Asante, Mama," akazirai.

Asubuhi ya pili alimkuta ng'ombe amefungwa mlangoni. Aliyemleta hakubisha hodi. Shuka hazikurudi, na juu ya malisho hapakuwa na aliyethubutu tena kusema. Lakini pia hapakuwa na wa damu yake aliyemsalimu tena, wala yeye hakuwasalimu.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya Misa ya marehemu wote, waumini walipanga foleni katika chumba cha sakristia kumtajia padre marehemu wao wa kuombewa. Dosinda alimtaja baba, akamtaja mama, kisha akasema, "Avelino. Na Eladio."

Padre Leoncio alishusha sauti. "Dosinda, binti yangu, hao ni wazima. Wamekaa pale kanisani, benchi la tatu."

"Najua, Padre," alisema. "Ndiyo maana nataka uwaombee sana."