Makubadhi ya Mwizi wa Senema

Jirani yangu pale Ngamiani alikuwa mshona kofia mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini, ila kwenye senema za serikali alikuwa mwizi. Kila gari la senema lilipokuja uwanjani, tulimwona akiiba kuku, akiiba baiskeli, mara mlevi, mara mgonjwa anayekimbia sindano, kisha akarudia wizi, maana ndio uliomkaa. Mimi, msomi wa darasa la sita, niliwacheka majirani waliofunga mabanda yao ya kuku kwa ajili yake. Lakini kila Ijumaa nilipomwona anaingia msikitini, niliyahamisha makubadhi yangu kutoka mlangoni, nikayaficha nyuma ya mtungi wa maji ya udhu. Aliliona hilo. Tangu hapo akawa anabaki ndani na tasbihi yake mpaka kila mtu achukue viatu vyake.

Ijumaa moja nilitoka mbio kuwahi pilau la harusi. Nimefika kwangu kubadili kanzu, nasikia hodi. Ni yeye, pekupeku, makubadhi yangu mkononi. Nikatazama miguu yangu: kwa haraka nimesahau mtungi, nimevaa yake ya mlangoni.

"Nisamehe, jirani," nikasema huku nayavua.

"Usijali," akajibu kwa sauti yake ileile ya chini. "Mimi nikiiba hulipwa. Wewe umeiba bure."