Karatasi ya Herufi Saba

Asubuhi ile mwanangu alinipigia simu kutoka kazini kwake Dar, akasema, "Baba, hata mtoto akipata nafasi, mwambie mama kwamba amekosa." Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimekaa barazani na chai yangu, mke wangu yuko ndani anamsuka mjukuu wetu nywele. Kusema hapana kusingenichukua hata pumzi moja. Nikasema, "Sawa."

Mjukuu mwenyewe ni binti wa huyo mwanangu. Tulikaa naye Kisarawe tangu alipoachishwa ziwa, kwa sababu wazazi wake wote wawili ni waajiriwa na nyumba yao ya Kibaha ilikuwa haijaisha. Sasa nyumba imeisha, mtoto amefikia umri wa darasa la kwanza, na baba yake anataka akasome shule ya binafsi kule Visiga, yenye basi lake na Kiingereza tangu asubuhi hadi jioni. Mke wangu alimtaka abaki asome shule ndogo ya serikali iliyo nyuma ya mihogo yetu. Kengele yake tunaisikia tukiwa jikoni. Shule ile ilikuwa na chumba kimoja tu cha darasa la kwanza, na walioomba walijaa uwanja, ndipo mwalimu mkuu akaamua watu waokote vikaratasi. Nyumbani tukakubaliana: akipata, anabaki, akikosa, anakwenda kwa baba yake.

Mwalimu mkuu alikuwa Mnyamwezi, na mke wangu ni Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani na hawakuachana salama hata siku moja. Zamu yetu ya kuokota ilipofika mwalimu akasogeza ndoo ya vikaratasi mbali kidogo.

"Mtani, wewe nakuombea ukose. Mkisoma nyie, ngoma atacheza nani?"

"Sogeza ndoo hapa," mke wangu akasema. "Babu yako alikuja pwani na mzigo kichwani, leo mjukuu wake ananifundisha mimi kusoma?"

Watu wakacheka. Akasema bismillahi, akatumbukiza mkono.

Mke wangu alisoma chuo cha Kurani utotoni, msahafu anausoma vizuri kuliko mimi. Lakini herufi za shule hakuwahi kufundishwa. Kila karatasi iliyoingia nyumbani mwetu, ya kliniki, ya serikali ya mtaa, ya maiti wa kuzikwa, alinipa mimi, na nilichosoma ndicho kilichokuwa. Tuliishi hivyo zaidi ya miaka arobaini. Tukasogea pembeni, akanikunjulia karatasi kwenye kiganja chake.

"Inasemaje?"

Ilikuwa imeandikwa AMEPATA.

"Amekosa," nikasema.

Aliiangalia muda mrefu. Mwenye AMEPATA alitakiwa aende mezani kuandikisha mtoto, na foleni ilikuwa hatua chache kutoka tuliposimama. Mimi nikaanza kutembea kuelekea barabarani, haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu. Mwalimu akapaza sauti, "Mtani, vipi?" Mke wangu akampungia mkono tu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimwachia mtani neno la mwisho.

Simlaumu mwanangu. Yeye aliomba, mimi ndiye niliyesoma. Nilimaliza kidato cha nne nikafanya kazi ya ukarani maisha yangu yote, na Kiingereza changu kilikuwa cha kunakili barua. Wakubwa wakianza kuzungumza nilikuwa natikisa kichwa na kucheka wanapocheka. Nilimtaka mjukuu ambaye hatatikisa kichwa. Nikajiambia pia kwamba bibi atazoea.

Hakuzoea. Mtoto alipoondoka, kila kengele ilipolia alitoka uani akasimama kuangalia watoto wa wenzake wakipita na mifagio yao. Mimi nikawa siwezi kukaa. Nikikaa barazani nasikia kengele, nikienda msikitini nakutana na wazazi waliopata, nikirudi namkuta amesimama pale pale. Nilianza kutafuta safari zisizo na maana, leo Kibaha, kesho Soga kumwona shemeji, ili mradi nisiwepo nyumbani.

Shule ya Visiga haikuwa mbaya, nataka niseme hivyo. Mtoto alirudi likizo ya darasa la pili anasoma kila kitu kilichoandikwa: pakiti ya majani ya chai, kalenda, kopo la dawa. Mchana mmoja alikuwa amekaa mkekani na bibi yake, na bibi akafungua msahafu. Karatasi ilikuwa humo, ikiwa alama ya ukurasa. Sikujua kwamba aliitunza.

"Bibi, nani amepata?"

"Amepata nini?"

"Si imeandikwa hapa? Amepata."

"Hiyo ni amekosa, mama. Soma vizuri."

Mtoto akaweka kidole. "A-me-pa-ta. Amekosa ingekuwa na ko, bibi. Hii ni pa."

Mke wangu hakupandisha sauti. Alinigeukia nilipokuwa mlangoni. Akasema, "Wewe ndiye uliyenisomea." Kisha akairudisha karatasi ukurasa ule ule.

Baada ya likizo alikwenda shuleni kwa mtani wake kujiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima la alasiri, katika chumba kile kile ambamo mjukuu wetu angesoma. Nilisikia mwalimu alimwuliza, "Umekuja kunifagilia, mtani?" naye akamjibu, "Nimekuja kukuhesabia makosa." Sasa anasoma. Polepole, kwa sauti, kidole juu ya mstari. Kadi yake ya presha anaisoma mwenyewe. Nikimwuliza daktari ameandika nini, ananijibu, "Yameandikwa yanayonihusu."

Tunakula pamoja, ananipikia, ananisalimia. Mjukuu likizo anabaki Kibaha, na akija anakuja kwa bibi yake. Watu wanaopita huona wazee wawili waliotulia. Lakini mke wangu aliniamini zaidi ya miaka arobaini kwa kila nilichomsomea, na kwa neno moja nililosema uwanjani pale, haniamini tena kwa lolote. Hicho ndicho nilichopoteza, na bado naishi naye nyumba moja.